Kiti cha Fundi Aliyerudi Mbinga

Jumuiya yetu pale Keko ilikuwa na wanawake kibao na mwanaume mmoja. Huyo mmoja alikuwa fundi makochi, mtu mpole, ndiye aliyekuwa akitufungulia Neno kila Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Akija kwako unamtolea kiti kizuri kuliko vyote, unakitandika kitambaa cha kufuma. Sie tunakaa mkekani. Basi fundi akafungasha vitu vyake, akarudi kwao Mbinga moja kwa moja.

Sasa sikia vituko. Sie tukaendelea kuweka kiti! Tunakusanyika, tunatandika kitambaa, tunaimba mapambio mpaka mabati yanataka kung'oka, halafu tunakitazama kiti. Kiti nacho kinatutazama. Basi, tunakunywa chai, tunakula mihogo, tunatawanyika. Neno halijafunguliwa, maana wa kulifungua hayupo. Chai tuliyokunywa kipindi kile ungeogeshea ng'ombe wa Dodoma nzima.

Habari zikafika usharikani. Mzee wa kanisa, karani mstaafu, suruali yake imenyooka hata nzi hatui, akaja kutuambia jumuiya isiyo na mwanaume wa kuongoza itavunjwa. Mwezi ukiisha tutaunganishwa na ya Buguruni.

Mie nikamtazama bibi yetu, mkongwe wa jumuiya. Miguu imemvimba, kwenda choo cha uani tu kwake ni safari ya kuagana. Kanisani hajakanyaga siku nyingi. Kanisa lake ni sie kwenye mkeka wake. Buguruni angefika kwa mbawa?

"Jumamosi Neno nafungua mie," nikasema.

Jirani yangu muuza mkaa akashika kichwa. "Shoga, utapigwa radi!"

"Ipige. Itanikuta nimekaa kitini."

Nisikudanganye, shule mie niliichungulia dirishani. Kusoma nasoma, ila nikianza mstari saa hizi, kuumaliza ni jioni. Lakini mdomo Mungu alinipa na wa akiba. Na muuza mkaa anasoma vizuri, basi kila asubuhi nachoma vitumbua, yeye ananisomea barua ya mtume kwa watu wa Rumi. Akafika mwisho, anataka kufunga.

"Hapa salamu tu," kasema.

"Salamu tu? We Mswahili gani unaruka salamu? Soma!"

Hee! Kumbe mambo yako huko. Wa kwanza kutajwa ni mwanamke, mtumishi wa kanisa, watu wanaambiwa wampokee kwa heshima. Wanasema ndiye aliyeibeba barua yenyewe. Halafu anasalimiwa mke na mume wenye kanisa nyumbani mwao, na mke katajwa kabla ya mume! Hapa Keko ukisalimia hivyo watu wanaanza kuulizana mume kafa lini. Na bado, mama huyu kafanya kazi kwa bidii, na yule, na yule. Nikasahau kikaango, vitumbua vikaungua vikawa vyeusi kuliko mkaa wa shoga yangu. Sikujali.

Jumamosi ikafika, zamu ya nyumba kwa bibi. Nikatandika kitambaa, nikakaa juu yake. Wenzangu wakatoa macho kama wameona chatu. Nikaanza na zile salamu. Nina sauti mie, nikiongea Keko, Temeke nzima wanafunga madirisha. Nikasema hao akina mama walibeba kanisa likiwa bado changa, linalala majumbani mwao, halina hata bati moja.

Mara hodi. Mzee wa kanisa.

"Shikamoo baba," wote. Macho yao yakarudi kwangu: inuka umpishe. Na kweli, makalio yangu yalishaanza kunyanyuka yenyewe, yamezoea adabu. Nikashika mikono ya kiti, nikajivuta chini.

"Marahaba. Nani kakuweka hapo, mama?"

"Nimekaa mwenyewe, baba. Karibu mkekani."

"Mtume si alisema wanawake wanyamaze kanisani?"

"Alisema, sikatai. Lakini huyo mama aliyemtuma na barua, watu wa Rumi walipomuuliza maswali alijibu kwa kukonyeza?"

Muuza mkaa akacheka puani. Mzee hakucheka. Akabaki mlangoni, viatu mkononi, hajui aingie au aondoke. Bibi akamwita.

"Wee, hujanisalimia."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa karibu yangu. Tunasikiliza."

Akakaa. Suruali iliyonyooka ikakunjika. Mie nikaendelea, jasho linanitiririka mpaka visiginoni, sikuruka salamu hata moja. Nilipomaliza nikamwomba bibi atufunge kwa sala. Hakuwahi kusali mbele za watu, alikuwaga wa kuitikia amina tu. Akasali! Akaombea miguu yake, akamwombea fundi huko Mbinga, akaombea baraza la wazee mmoja mmoja kwa jina, jogoo wakawika wakachoka wakalala tena.

Nje, mzee akavaa viatu taratibu.

"Mie siwezi kulikubali peke yangu hili. Nitalipeleka barazani."

"Lipeleke baba. Ila useme na hili: Buguruni hatuendi. Kiongozi tumeshampata."

"Na baraza likikataa?"

"Watatukuta tumekaa na bibi tunasoma. Waje watunyanyue mmoja mmoja. Mie na unene huu waje na winchi."

Hapo ndipo akacheka, kidogo, kaficha mdomo kwa kiganja. Akaniuliza Jumamosi inayofuata tutakuwa kwa nani.

"Hapahapa kwa bibi," nikamwambia. "Miguu bado imemvimba."