Mnazi wa Nyuma ya Mlango

Wifi yangu ni msusi, na sebule yake ndiyo saluni. Ukimwachia kichwa, unatoka na mistari iliyonyooka na habari za mtaa mzima. Nyuma ya mlango, pasipofika jua, pana chungu chenye mnazi mfupi wa mapambo, ule usiozaa kitu. Wateja hawakomi: "Mnazi huu utazaa lini?" Naye hujibu, "Siku utakayoacha umbea."

Aliupanda marehemu kaka yangu, mumewe. Mimi nauza miche. Nilimpa ukiwa mchanga nikamwambia asiuonyeshe jua kali. Wifi akajifanya mjuaji, akautoa uani uote jua. Jioni majani yamebabuka! Kaka aliurudisha kivulini huku anacheka. "Mke wangu, huu ni kama mimi. Kivuli na utulivu, basi."

Kaka alipofariki, wifi alirudi kusuka mapema mno, macho makavu. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Watu nao, midomo haina kazi.

Kisha majani yakaanza kuwa manjano. Akanipigia simu analia, yeye ambaye hakulia hata makaburini. "Wifi, njoo. Mnazi unakufa, na ndio nilioachiwa."

Nilikwenda mbio. Nikaingiza kidole udongoni: tope tupu.

"Unaumwagilia mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi! Wewe mwanamke, unakuza mnazi au unafuga samaki?"

Hakucheka. Akanionyesha kikombe cha bati cha kaka. Miaka yote ya ndoa yao wifi alimpelekea mumewe maji ya kunywa kabla hajashuka kitandani. Sasa mwenyewe hayupo, lakini kila kukicha mkono wa wifi unakijaza kile kikombe bila hata kufikiri. Basi akawa anaumiminia mnazi wake. Nilitamani kuumeza ulimi wangu.

Tuliung'oa pamoja. Mizizi ilikuwa imeoza, nyeusi, inanuka. Chipukizi moja tu, pembeni, lilibaki na mizizi myeupe. Nikalitenga, nikalipanda kwenye chungu kidogo chenye matundu, udongo nimeuchanganya na mchanga, tukakiweka palepale nyuma ya mlango.

"Ingiza kidole kwanza," nikamwambia. "Kikitoka na unyevu, humwagilii. Hata upende vipi."

Nikahamia kwake kwa muda, maana simwamini. Asubuhi moja akaniita kwa sauti. Jani jipya lilikuwa limechomoza, bado limejikunja, kijani kibichi. Wifi, machozi yanamtoka, akaingiza kidole udongoni. Kikatoka na unyevu.

Akabaki amesimama, kikombe kimejaa maji mkononi, anatazama chungu, anatazama chumbani.

"Sasa haya nimpe nani?"

"Nipe mimi, wifi," nikasema.

Nikayanywa yote.