Kiti cha Mlingoti

Wifi yangu ni mfupi, na asiyejua hilo atalijua akimwona anavyopanda lori: anashika mpini, anakanyaga ngazi, anajivuta mpaka juu. Kwenye yadi ya malori anakofanya kazi wanamwita Sindano. Mdogo, lakini ukimkalia utajua. Alianza hapo kwa kuosha magari, akaja kuendesha pikapu ya vipuri, na baada ya kusubiri miaka akapewa lori la safari ndefu, la kupokezana na dereva mwenzake. Siku hiyo aliingia nyumbani akicheka peke yake. Mimi, mke wa kaka yake, nilicheka naye hata kabla ya kuuliza.

Kicheko hakikudumu. Kila akirudi safari, shingo haigeuki. Ukimwita kutoka ubavuni anageuza mwili mzima. Jioni analala kifudifudi sakafuni, nami namkanda kiuno kwa mafuta na maneno.

"Wifi, taratibu. Huo ni mgongo, si unga."

"Mgongo gani huu? Huu ubao."

Akakosa safari moja kwa sababu alishindwa kuinuka kitandani. Msimamizi wa yadi hakumficha: akikosa nyingine, lori litapewa mtu mwingine, na yeye atarudi kwenye pikapu. Wifi akaenda kliniki, nami nikamsindikiza.

Mtaalamu wa viungo hakumpa hata kidonge. Alimletea kiti, akamwambia akae kama anaendesha. Wifi akakaa ukingoni, miguu kainyoosha, mikono mbele, kidevu kimechomoza.

"Mama, nani alikufundisha kuendesha ukiwa unaning'inia?"

Akamrudisha matako mpaka mwisho wa kiti, akakunja taulo na kulipachika kwenye uwazi wa kiuno. Magoti yakunjike kidogo, viwiko pia, mabega yaguse kiti. Na kila baada ya saa mbili asimame, ashuke, atembee. Kushuka nako kuwe kwa ngazi, si kuruka kama mbuzi.

Nikadhani yamekwisha. Tulipofika nyumbani nikamwambia basi, kiti cha lori akivute mbele. Akanitazama kana kwamba nimemtuma kuiba.

"Kiti ni cha Mlingoti."

Mlingoti ndiye dereva mkuu wa lori lile, na kwa urefu wake jina linamtosha. Yadini kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: kiti cha mkubwa hakiguswi. Mdogo anapanda, anaendesha, anashuka, anakiacha kama alivyokikuta. Na kile kilikuwa kimefungwa waya kwenye reli yake ya kusogezea, hakiendi mbele wala nyuma.

"Kwa hiyo utavunjika mgongo kwa ajili ya adabu?" Nilikasirika kweli. Nilimwambia heshima si utumwa, na mengine nilimwambia ambayo siyarudii.

Asubuhi ya safari nilimwona akitia plaizi ya kukatia waya mkobani, juu ya taulo.

"Sikati kwa siri," akasema. "Nitamwomba. Akikataa, nitakata mbele yake."

Nikajitanda khanga, nikamfuata. Sikutaka kuhadithiwa.

Mlingoti ndiyo kwanza alikuwa amerudi na lori. Alishuka kinyumenyume, polepole, mkono mmoja kiunoni. Wifi akamwamkia, akaitikiwa, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Kaka, nina ombi. Lisipokupendeza unisamehe, lakini siliachi. Nataka kukisogeza kiti chako. Sifiki."

"Kiti changu?"

"Si ndiwe uliyekifunga waya?"

"Mimi? Nilikikuta hivyo hivyo. Hicho ni kiti cha mzee aliyestaafu." Mlingoti akajishika goti. "Tangu nipewe hili gari, magoti yanagonga usukani. Naendesha nimejikunja kama panzi."

"Sasa mbona hukukifungua?"

"Kwani kiti cha mkubwa kinaguswa?"

Nilicheka mpaka nikashikilia tairi. Mzee mwenyewe yuko kwake, anapumzika, na huku watu wazima wawili wanaugulia kiti chake, mmoja kwa kutofika, mwingine kwa kupita kiasi.

Wifi hakucheka. Alipanda, akainama ndani ya kebini, na nikausikia waya ukikatika. Reli ilikuwa imeshika kutu. Wakaipaka grisi, huyu akisukuma na yule akivuta, mpaka kiti kikaguna na kukubali. Wifi akakaa. Matako nyuma, taulo kiunoni, na mguu ukaikanyaga klachi mpaka chini bila yeye kujinyoosha. Akiwa wima hivyo hivyo akapanga vioo, kwa sababu mtaalamu alimwambia siku asipoona vizuri kiooni ajue amejikunja: asikiguse kioo, anyooshe mgongo. Kisha akachovya kidole kwenye kopo la rangi nyeupe la pale yadini, akatia alama yake kwenye reli. Mlingoti akatia yake, nyuma kabisa.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi.

"Sindano, safari hii utaiweza?"

"Naenda. Na inayofuata niandike."

Siku aliyorudi nilikuwa pale pale yadini. Lori likaingia, likazimwa. Mlango ukafunguka, akashuka ngazi moja moja, akanyoosha mikono. Kisha, kabla hata hajanisalimia, akapanda tena. Nikaingiwa na hofu kwamba kiuno kimekataa, na hataki nikione. Nikamwita kutoka ubavuni.

"Wifi! Kuna nini?"

Kichwa peke yake ndicho kilichogeuka. Mabega yalibaki yanatazama mbele, mikono iko chini ya kiti.

"Ngoja kidogo," akasema. "Namrudishia mkubwa kiti kwenye alama yake."