Mtini Ulioukumbatia Mkwaju

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya misitu ya Amu ilinipa nyundo ya mbao na daftari. Bwana Mkaguzi, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, alinivusha kwa boti hadi Kililana, upande wa bara, akanisimamisha mbele ya mkwaju mkubwa.

"Gonga," aliniambia. Nikagonga. "Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Uliooza ndani hulia kama ngoma. Kazi yako, Bi Zena, ni kujua tofauti kabla mtu hajafa."

Mkwaju ule ulikuwa umevamiwa na mtini-mwitu. Vijana mkipita chini yake mnadhani ni mti mmoja, kumbe ni miwili. Ndege hula tini, akaacha mbegu kwenye panda ya tawi. Mbegu huota huko huko juu, ikashusha mizizi myembamba kama uzi. Mizizi ikishagusa ardhi hunenepa, hukutana, huungana, hata mti wa ndani, tuliouita mwenyeji, ukawa umefungiwa ndani ya wavu wa mbao. Mtini haumnyonyi mwenyeji. Humbana shina asinenepe, na humzibia jua. Kufa kwake huchukua miaka mingi.

Mwenye shamba alitaka mkwaju wake uokolewe. Bwana Mkaguzi akaamuru tukate mizizi ya mtini. Niligonga shina usawa wa kifua, likajibu vizuri, nikaandika "mzima". Sikupanda ngazi. Athman, mkataji wetu, alikata mzizi mmoja baada ya mwingine. Alipoukata wa mwisho, mkwaju ulitoa mlio kama mlango wa zamani, ukaanguka. Kule juu ambako sikufika ulikuwa umeoza wote. Mtini ndio uliokuwa umeushika. Athman alivunjika mguu, na mpaka leo anatembea kwa magongo.

"Andika ni ajali," Bwana Mkaguzi aliniambia.

Niliandika: "Sikupanda kugonga juu."

Miaka ikapita, nikapelekwa visiwani. Huko Ndau nikaukuta mkwaju mwingine ndani ya mtini, na chini yake watoto wa chuo wakisoma Qurani. Safari hii nilipanda. Juu ulilia kama ngoma. Nilishuka, nikamfuata mwalimu wao, Mwalimu Shee.

"Waondoe watoto hapa, Mwalimu."

"Bi Zena, hata mimi nilisomea hapa. Mti huu una nini?"

"Juu umeoza. Sijui utasimama hadi lini wala utaanguka lini. Ndiyo maana nakuomba."

Aliwahamishia kwenye baraza ya msikiti, kwa shingo upande. Bwana Meneja, mkubwa wetu mpya kule Amu, akanipigia simu: mtini ukatwe, mkwaju upone. Nikakataa. Nilimwambia mkwaju hauponi tena, na tukikata mtini tutauangusha wote. Akanitishia barua ya onyo, na barua ikaja. Sikukata.

Mkwaju ulimomonyoka ndani kidogo kidogo. Kila nilipofika niliokota vipande vya mbao laini kama mkate uliolowa. Mtini ulibaki umesimama, katikati yake patupu. Mwalimu Shee akawa ananiuliza watoto warudi lini, nami nikamjibu "bado" mpaka nikastaafu.

Aliyeshika nafasi yangu aliupima, akasema mtini una nguvu za kutosha, akatia saini ruhusa ya watoto kurudi. Huenda yuko sahihi. Mimi mwenyewe nimeiona mitini ikisimama hivyo maisha marefu baada ya mwenyeji kuisha. Lakini kila upepo wa kusi ukivuma nashindwa kula, nachukua simu.

Juzi kusi ikivuma nilimpigia Mwalimu Shee, nikamuuliza watoto wako wapi.

"Wako barazani," alisema. "Ruhusa tunayo, Bi Zena. Lakini ndia, hiyo njia ya kuwarudisha pale, bado sijaiona. Kila nikitaka kuwaita, naisikia sauti yako."

Nikakaa kitako, nikaomba maji, kisha chakula.