Tundu kwenye Sarafu ya Mfalme

Wacheke wanaotaka, mimi bado inaniuma. Nilikuwa fundi kwa sonara mmoja, mtaani Nyakabanda. Bi Zaina, jirani yetu, akaniletea sarafu ya dhahabu ya ufalme wa Saksonia, Ujerumani ya zamani, urithi wa babu yake.

“Isafishe tu, mwanangu. Nikiiuza, mume wangu atapasuliwa hospitalini.”

Niliigeuza, sikuona thamani yoyote iliyoandikwa. Pesa gani hii? Nani ataitaka? Kwa huruma nikaitoboa, nikaitia mkufu, angalau apate pambo.

Kesho yake alikuja na mnunuzi, mzee wa Kijerumani. Nikamvalisha Bi Zaina mkufu huku nikitabasamu. Mzee akaishika ile sarafu.

“Hii ilikuwa sarafu ya majaribio, ndiyo maana haikuandikwa thamani. Zilibaki chache mno.”

“Ilikuwa?” akauliza Bi Zaina.

Mzee akaweka kidole kwenye tundu langu.