Asidi Isiyotoa Moshi

Nilirudi Nakuru baada ya miaka tisa ughaibuni, na sikurudi mikono mitupu. Nilikuwa na diploma ya kemia niliyoisomea jioni, baada ya zamu, katika mji wenye joto la kupasua soli za viatu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilianza kwa kuosha chupa za maabara katika kiwanda cha kusafisha maji ya bahari, nikaondoka mimi ndiye ninayetia sahihi majibu ya vipimo. Nayasema bila aibu kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu bila kuyajua hutaelewa jinsi nilivyomharibia kaka yangu mkono.

Nilijenga kijijini kwetu Kabazi, kwenye shamba la wazazi wetu, nyumba ya mawe ambayo mpaka leo wapita njia husimama kuitazama. Mafundi walipomaliza, kuta zilikuwa zimechafuka kwa simiti. Kaka yangu mkubwa, ambaye hakufika kidato cha kwanza, kazi yake ilikuwa hiyo hasa, kuosha mawe ya nyumba mpya kwa asidi. Aliitwa kuanzia Subukia mpaka Naivasha.

Waosha mawe wana kipimo chao. Hufungua jerikani na kutazama. Asidi ikitoa moshi na kuwasha pua, ni kali. Mtu huvaa glavu, hufunga kitambaa usoni na kusimama upande upepo unakotoka. Isipotoa moshi, wanasema muuzaji ameitia maji. Kaka yangu alifanya kazi hivyo kwa miaka mingi na ngozi yake ilikuwa nzima.

Siku hiyo nilimletea jerikani nyingine, niliyoipata kwenye karakana moja mjini inayong'arisha rimu za malori. Lebo ilikuwa imechakaa, lakini jina lilisomeka: asidi haidrofloriki. Nililisoma kwa fahari. Pale shambani hakuna mwingine ambaye angeweza hata kulitamka.

Kaka alifungua kifuniko, akachungulia.

"Umeuziwa maji, Profesa. Hii haina moshi."

"Si maji. Ni asidi, ila ni dhaifu."

"Dhaifu namna gani?"

Swali kama hilo mimi silipiti. Nilichukua kijiti nikachora mchangani.

"Ile yako ya kila siku ikiingia majini, kila chembe inaachilia haidrojeni yake. Zote zinaachana. Ndiyo maana tunaiita kali. Hii zinazoachana ni chache, nyingine zimeshikana kama bwana na bibi arusi. Kwenye jedwali la asidi iko kundi moja na siki na maji ya ndimu."

Yote niliyosema yalikuwa sahihi. Naweza kuyarudia mbele ya mtahini yeyote.

Glavu yake ya kulia ilikuwa imetoboka vidoleni. Alisema anaenda dukani mara moja kutafuta nyingine. Nikacheka.

"Mtu mzima kama wewe unaogopa siki?"

Fundi wa rangi aliyekuwa dirishani naye akacheka. Kaka akaweka glavu chini, akashika brashi.

Aliosha ukuta wa mbele mpaka saa sita bila kuhisi kitu. Tulikula githeri, akanionyesha viganja vyake na kusema kweli kisomo ni kisomo. Saa nane alianza kukunja na kukunjua vidole. Saa tisa alisema kuna maumivu, lakini si ya ngozi, yako ndani ya mfupa, kama jino bovu. Nikatazama. Hakukuwa na lengelenge, weupe kidogo tu kwenye ncha.

"Ni baridi ya maji," nikamwambia. "Malizia upande ule."

Akamalizia. Sentensi hiyo ndiyo ninayoijutia kuliko zote, kwa kuwa ilikula saa mbili ambazo mkono wake ulikuwa unazihitaji.

Saa kumi na moja alikuwa amekaa chini akilia bila sauti, mtu ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mama. Nikamkimbiza hospitali mjini. Daktari, msichana mdogo tu, aliposikia jina la asidi alikwenda mbio kuleta jeli ya kalsiamu. Huku akimpaka alinieleza kwamba asidi ile, kwa vile haidrojeni yake imeng'ang'ania floridi, hupenya ngozi bila kuichoma juu. Ikishafika ndani, floridi hukamata kalsiamu ya mwili, hata ya mfupa.

Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa mtihani alioupita. Udhaifu wa asidi ni habari ya kuachana kwa chembe ndani ya maji, basi. Hausemi asidi imekolea kiasi gani, wala itamfanya nini mtu. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza. Liliulizwa, nikapata alama zote.

Alipoteza ncha za vidole viwili, na mkono ukapoteza nguvu ya kushika. Mkewe alipofika wodini aliuliza swali moja.

"Nani alikwambia ufanye kazi bila glavu?"

Kaka alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nilijiamulia mwenyewe. Zilikuwa zinateleza."

Akagombezwa mbele yangu, utu uzima wote huo na akili za mtoto. Kisha nikaongeza langu: nikasema muuzaji alituficha kilichokuwa ndani ya jerikani.

Sasa haoshi mawe. Anachunga ng'ombe wake, lakini kukama hawezi, shemeji ndiye anayekama. Ilinichukua miaka miwili kumfuata shemeji zizini. Nilimwambia yote, kijiti na mchoro, siki, lebo niliyoisoma kwa macho yangu, baridi ya maji. Aliendelea kukama, kichwa ameegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Na hayo ulikuwa umeyasoma?"

"Nilikuwa nimeyasoma."

Akasogeza ndoo kando.

"Basi usimwambie kaka yako kwamba umeniambia," akasema. "Anaamini alikusitiri vizuri. Mwachie hilo."