Amri ya Kuacha

Fundi wetu wa kompyuta hugusa vitufe taratibu, kama anayempapasa mgonjwa. Ameweka programu moja ya ulinzi, inayowasha upya nyingine zinapozimika. "Haya, amka mama," huiambia skrini, ingawa kinachoamka huamka na ugonjwa uleule. Ikishindikana kabisa, programu hiyo ya ulinzi ina amri ya kuiacha ilale. Jana mama yake alipiga simu, sauti ikatufikia sote: "Mdogo wako kalewa tena, yuko mtaroni."

"Nakuja kumtoa, mama."

"Sikio la kufa hilo. Utamtoa mpaka lini, mwanangu?"

Aliinamia kibodi, akaifuta ile amri ya kuacha, akachukua koti. Leo programu moja mbovu inakufa na kufufuka tangu asubuhi, kompyuta zote zinakokota miguu, na hakuna anayethubutu kumwambia aizime.