Alama ya Kiganja kwenye Shela ya Hariri

Mama yangu hajawahi kurudisha sufuria ya mtu ikiwa chafu. Akiazima, huisugua kwa majivu mpaka mwenyewe atie shaka kama kweli ni yake, kisha huweka ndengu kidogo ndani, kwa sababu chombo hakirudi kitupu. Naanza na hilo ili msimhukumu upesi.

Mimi hutunza vitu vya zamani katika ghala moja dogo mjini Embu. Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia nalinda nguo zisiliwe na nondo, nao hunipa pole. Kati ya nguo hizo kulikuwa na shela nyeupe ya hariri kutoka India, iliyokutwa ndani ya sanduku la bati katika duka la zamani kule Ishiara. Kwenye pindo lake palikuwa na doa la rangi ya njano, lenye umbo la kiganja na vidole vyake vyote.

Mwaka jana alikuja mtaalamu wa nguo kutoka Nairobi, msichana mpole mwenye hadubini ya kushika mkononi. Kazi yake ilikuwa kupima nyuzi na rangi, kisha kukaa na wananchi wamweleze wanachokumbuka. Habari za shela zilimfikia bibi mmoja mzee wa mjini Meru, Mwislamu wa asili ya Kihindi, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa mwenye lile duka. Akanipigia simu. Mama yake alikufa akimzaa na hakuacha picha hata moja. Lakini shangazi zake walimsimulia kwamba siku mama yake, akiwa bi harusi, alipopakwa manjano, ile ile ya kupikia mchuzi, aliishika shela yake kwa mkono uliolowa, akagombezwa mbele ya wageni.

"Nataka tu niweke mkono wangu juu ya wake," aliniambia. "Halafu mwendelee na sayansi yenu."

Sayansi yetu ilikuwa na mashaka. Mtaalamu alisema doa laweza kuwa manjano, au chai, au kutu ya sanduku, na kwamba hawezi kumwambia mtu mzima huo ni mkono wa mama yake kabla ya kupima. Angenyofoa uzi mmoja na kuudondoshea dawa mbele ya bibi mwenyewe. Tukapanga jambo hilo lifanyike Ishiara, ilikotoka nguo.

Siku ya kwanza tulikutana na wazee katika ukumbi wa kanisa. Mmoja aliapa kwamba ni kitambaa cha madhabahu. Mwingine akasema ni shuka ya hospitali, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa juu yake. Mama yangu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hilo, alikuwa analitazama doa. Mlango wa ukumbi haufungiki vizuri, kwa hiyo sanduku lililala nyumbani kwake. Nilimwambia kesho anakuja mgeni kutazama nguo ya marehemu mama yake, na kwamba asiiguse bila glavu. Habari za kiganja sikumwambia, maana mtaalamu alikuwa ametuomba tusizieneze kabla ya kipimo. Mama alisikiliza vizuri sana.

Asubuhi mimi na mtaalamu tulikwenda sokoni kumpokea mgeni. Gari lake lilipata pancha njiani, tukangoja mpaka saa nane tukinywa soda iliyopata moto. Tulipofika naye nyumbani, shela ilikuwa kwenye kamba ya nguo, juani, kati ya leso mbili za mama. Jua la Ishiara halina utani. Shela ilikuwa nyeupe pe.

Mama alitoka kutupokea akiwa bado amevaa glavu.

"Karibu mama," alimwambia mgeni. "Nimekuoshea nguo ya mama yako. Hawa walikuwa wanataka kukupatia ikiwa chafu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtaalamu aliuliza, kwa sauti ya mtu aliye kwenye mtihani, lile doa lilifanya nini lilipoguswa na sabuni.

"Iligeuka nyekundu," mama alisema. "Mara moja, kama damu. Nikakemea kwa jina la Yesu, nikaongeza sabuni, ikazidi. Nikimwaga maji inarudi njano, nikipaka sabuni inakuwa nyekundu tena. Nikasema hii kitu ni kigeugeu kama mheshimiwa. Nikaianika, jua ikamaliza."

"Basi ni manjano," alisema mtaalamu.

Dawa aliyokusudia kuidondosha kwenye uzi mmoja hufanya kazi ile ile ya sabuni. Manjano ikikutana nayo huwa nyekundu. Mama alikuwa amefanya kipimo kizima, kwenye nguo nzima, na majibu hayakuwa na shaka. Kilichokosekana ni mkono. Picha? Mtaalamu alikuwa na picha tele za nyuzi, zilizokuzwa mpaka zikafanana na kamba za kufungia mbuzi. Picha ya doa zima, pamoja na rula, ilikuwa ipigwe leo. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamekwisha kumwagiwa mpapai.

Mgeni aliitoa shela kwenye kamba. Hakulia. Angelia, ningejua la kufanya. Alilipitisha pindo lote mikononi, polepole, kisha akaanza upya. Tulisimama tukimtazama akitafuta kitu tulichojua hakipo, na mama, aliyekuwa akingoja kushukuriwa, akaanza kuvua glavu.

"Hiyo doa ndiyo ulikuwa umekuja kuona," mama alisema.

"Ndiyo, dada yangu. Ulikuwa mkono wake."

Mama alikaa kwenye kiti. Sijawahi kumwona akikaa mgeni akiwa amesimama.

"Niliisugua kidole kwa kidole," alisema. "Ilikuwa inakataa kutoka. Nikaweka mkono yangu juu yake, nione kama ni ya mtu." Akanyoosha kiganja cha kulia, na kwa kidole cha mkono wa pili akagusa chini kidogo ya kiungo cha juu cha kidole cha kati. "Iliishia hapa. Na hii ndogo, hapa."

Mgeni alijitupia shela begani. Akaweka kiganja chake juu ya cha mama, vifundo vya mikono vikilingana. Vidole vyake virefu vilipita pale mama alipoonyesha, vikaendelea. Akavikunja kidogo kidogo mpaka vikatosha.

"Miaka hii yote nilikuwa namfikiria mtu mkubwa," alisema. Akaendelea kuushikilia mkono wa mama. "Kumbe alikuwa mtoto."